Mzee Alibaki Kichwa, Tai na Viganja

Kwanza turekebishe habari. Huyo shemeji yangu anayesambaza kwenye magrupu kwamba nilimchapisha baba mkwe bila kichwa ni mwongo. Kichwa kilikuwepo. Kilichokosekana ni kiwiliwili.

Mzee alikuwa anaagwa juzi Jumamosi, katimiza 60, chaki kaiweka chini. Kamati ikauliza nani atatengeneza bango, na mimi, mkwe mtarajiwa mwenye kiherehere, nikanyoosha mkono kabla swali halijaisha. Nikapewa picha: mzee kacheka, kavaa suti nyeupe pee, shati jeupe, tai nyekundu, kasimama mbele ya ukuta wa chokaa. Mafundi mnaosoma hapa mmeshaanza kushika vichwa. Tulieni.

Kazi ilikuwa kumtoa mzee kwenye ule ukuta, yaani kutoa bakigraundi. Mwenye akili angemzunguka mzee taratibu, nukta kwa nukta. Mimi nikafungua Photoshop, programu ya kuhariri picha, nikashika ile fimbo ya uchawi (Magic Wand), ambayo ukigonga rangi inachagua zote zinazofanana nayo, nikagonga ukuta. Kivuli kikagoma kutoka. Nikapandisha ile namba ya kuvumilia rangi kutoka 32 hadi 80. Halafu kwapani, kati ya mkono na mbavu, kikabaki kipande cha ukuta kinanikodolea. Nikatoa tiki kwenye kile kiboksi kinachoizuia fimbo isirukie weupe wa mbali. Nikagonga tena. Delete. Ukuta wote kwisha! Nikajiambia, mtoto wa watu unajua.

Kumbe chini nilitandika leya nyeupe, kama karatasi chini ya picha. Kila palipotoboka pakaziba kwa weupe, mzee akaonekana mzima wa afya. Nikaizima hiyo leya na kuhifadhi PNG, faili la picha linaloacha matundu wazi, huku naongea na simu; vile vimraba vya kijivu, alama ya patupu, vilivyojaa kifuani kwa mzee niliviona, ila sikuvitilia maanani. Nikamtumia mchapaji kwa dokumenti, eti WhatsApp isije ikashusha ubora. Ubora! Naye akaipachika juu ya zambarau, rangi ya kamati, akachapa mita 3 kwa 2. Baadaye ananiambia, "Broo, nilidhani ndiyo staili."

Sasa ukumbini. Bango limefunikwa kitambaa, kinanda kinapiga taratibu, emsii anahesabu: tatu, mbili, moja, vuta!

Kitambaa kikaanza kushuka kutoka juu. Pole pole, maana kilinasa kwenye msumari.

Likatokea paji la uso. Mvi hakuna, zimekwenda na ukuta. Yakatokea macho: mboni zipo, pembeni zambarau. Kikatokea kile kicheko, na meno yote zambarau, kama mzee katoka kushuka mzambarauni dakika hiyo hiyo. Hapo nikaomba msumari ushikilie kabisa. Ukaachia. Ikateremka tai nyekundu, inaning'inia hewani, haina mwenyewe. Chini kabisa, viganja viwili vimeshikana kwa adabu, vimefika bila mikono.

Kinanda kikanyamaza. Mjukuu mmoja akauliza kwa sauti, "Bibi, babu kaenda wapi?"

Mchumba wangu akawa anahesabu taa za dari. Emsii, Mungu ampe maisha marefu, akadakia eti mwalimu wetu ametoa mwili wake wote kwa taifa. Watu wakapasuka. Mama mkwe alicheka mpaka kilemba kikalegea.

Mzee hakucheka. Akatoa miwani mfukoni, akaifuta kwa leso, akaivaa, akalitazama bango kama anasahihisha mtihani. Kisha akageuka.

"Kijana, si wewe uliyeandika kwenye barua ya posa kwamba unafanya kazi za kompyuta?"

"Ndiyo, baba. Shikamoo."

Nilikuwa nimeshamwamkia mara mbili siku hiyo.

Yaliyofuata si mengi: chakula kililiwa, bango likakunjwa, sasa hivi linafunika kuni nyuma ya jiko lao. Kikao cha mahari kimesogezwa mbele, sababu sikuambiwa na mimi sikuuliza.

Na wewe uliyekuja inboksi jana kuuliza kama bado natoa bakigraundi: natoa. Njoo umevaa nguo ya rangi.