Mwarobaini uani, sumu ya nini?

Mwarobaini umejaa mitaani kwetu Mombasa, Likoni hadi Kisauni, na bado mtu atatoka kwenda dukani kununua sumu ya kupulizia mchicha atakaoupika kesho kutwa. Hilo laniuma. Sumu ya dukani ina siku zake za kungoja kabla ya kuchuma, zimeandikwa pale kwenye chupa. Nani huzihesabu, na mchicha wachumwa kila mara?

Mimi natumia kokwa za mwarobaini. Majani pia yafaa, lakini nguvu imo kwenye kokwa. Naokota matunda yaliyoiva, naondoa nyama, naanika kokwa kivulini hadi zikauke vyema, kisha natwanga kinuni. Gramu 50 kwa lita 1 ya maji, zilale usiku kucha. Nachuja kwa kipande cha leso kuukuu, natia sabuni kidogo ya kipande, napuliza jioni, kwa sababu jua huiharibu dawa hii upesi. Na usitarajie wadudu waanguke papo hapo. Wanaacha kula, na wale wachanga wanashindwa kujivua gamba. Wengi hukata tamaa siku ya pili wakarudi kwenye sumu. Subirini jamani, mrudie kupuliza baada ya wiki.

Kwa wadudu mafuta wa bamia, maji ya sabuni peke yake yatosha, mradi yawafikie walipojificha chini ya jani. Sabuni ya unga msitie: iliniunguzia pilipili zangu. Tangu siku hiyo najaribu jani moja, nangoja hadi kesho.

Tumbaku ndiyo siikubali kabisa. Jirani yangu, mama ninayemheshimu sana, aliniletea kopo la tumbaku iliyorowekwa. "Mwanangu, hii yaua kila kitu." Ni kweli yaua, na hapo ndipo hofu yangu ilipo. Nikotini hupenya hata ngozi ya mkono, na tumbaku yaweza kuwa na virusi vinavyoambukiza tungule na pilipili. Nikamwambia, "Niwie radhi mama, hii siitii kwenye mboga."

Na majimoto, wale sisimizi wekundu walioshona majani kuwa viota kwenye mwembe na mnazi, waacheni. Wanauma, najua, lakini ndio wanaomzuia mdudu anayenyonya nazi changa. Mnazi wako ukidondosha vidaka kabla havijawa vitale, kumbuka kwanza kama hukuwachoma moto.