Kalkuleta Haimalizi Swali

Matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yakitoka tu, vibarazani hapa Mombasa hukumu huanza: hesabu ina wenyewe, watoto wetu hawaiwezi. Inaniudhi mno. Chukua karatasi ya mwanafunzi wa kidato cha nne, fuata alichoandika kwenye trigonometria, na mara nyingi utakuta kazi imekwenda sawa mpaka karibu na mwisho. Hapo ndipo anapobonya kalkuleta, anapata pembe moja, anaipigia mstari na kuhamia swali jingine.

Tazama hili: sin 2x = 0.5, x ikiwa kati ya 0° na 360°. Anabonya, anapata 30°, anagawanya kwa 2, anaandika 15°. Ni jibu sahihi, lakini majibu yako manne. Aliye makini zaidi atakumbuka kuwa sin ni chanya pia katika roboduara ya pili (robo ya duara kutoka 90° hadi 180°), ataongeza 180° − 30° = 150° kwenye orodha, atapata 15° na 75°, naye ataishia hapo. Tatizo ni mipaka. x ikifika 360°, 2x imeshafika 720°. Kwa hiyo kabla ya kugusa kalkuleta aandike 0° ≤ 2x ≤ 720°, aorodheshe 30° na 150°, kisha aongeze 360° kwa kila moja: 390° na 510°. Sasa ndipo agawanye: 15°, 75°, 195°, 255°. Akigawanya mapema, nusu ya majibu imekwisha kumpotea na hana habari.

Mtoto wa Pwani ana haki ya kulielewa hili kuliko mtu yeyote. Maji ya Kilindini hujaa na kupwa kwa mzunguko wa saa 12 na dakika 25 hivi. Weka alama yoyote kwenye nguzo, kati ya maji kujaa na maji kupwa, umuulize anayevuka Likoni kila siku maji hupita hapo mara ngapi. Mzunguko mmoja, mara mbili: yakipanda na yakishuka. Mizunguko miwili, mara nne. Grafu ya sin 2x kutoka 0° hadi 360° ina mizunguko miwili vilevile, na mstari wa 0.5 unaikata mara nne. Mwalimu akiichora ubaoni kwanza, mwanafunzi atajua idadi ya majibu anayoyatafuta kabla hajatafuta hata moja. Tuisheni za likizo zinaruka mchoro huo na kukimbilia vitufe, na wazazi wanalipia.

Alama ya kutoa nayo inawamaliza. Kwa sin x = −0.5 kalkuleta hutoa −30°, ambayo haimo kati ya 0° na 360°, basi wengine hufuta alama na kuandika 30°. Hiyo 30° si jibu, ni ya kupimia tu majibu yenyewe. Sin ni hasi katika roboduara ya tatu na ya nne: 180° + 30° = 210°, na 360° − 30° = 330°.

Wapo wazembe, nakubali, wanaoingia mtihanini kalkuleta ikiwa kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe, badala ya digrii. Bonya sin 30, ikisoma −0.988 badala ya 0.5, rekebisha.

Kuna na wanaokuta 2 sin x cos x = cos x wakagawanya pande zote kwa cos x. Wamezitupa 90° na 270°, ambako cos x ni sifuri. Andika cos x(2 sin x − 1) = 0, kisha tatua vyote viwili.

Kwenye pembetatu yenye pande 5, 6 na 10, ukitafuta pembe inayotazamana na 10 kwa kanuni ya sin, kalkuleta itakupa 49.5°, kwa kuwa haitoi kamwe pembe butu kutoka kwa sin. Anza na kanuni ya cos: (25 + 36 − 100) ÷ 60 = −0.65, pembe 130.5°. Nyingine mbili ni 22.3° na 27.1°, na zote tatu zikijumlishwa zinafika 180° isipokuwa tofauti ndogo ya makadirio. Ukiweka 49.5° badala ya 130.5°, jumla inakomea kama 99°, na kujumlisha huko hakuchukui hata dakika moja ya mtihani.