Atomu nyepesi ndani ya paladiamu: uchafu au dawa?

Waendeshaji wa mitambo ya kemikali wamezoea kuiona kaboni kwenye paladiamu, metali ghali inayotumika kama kichocheo (kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kemikali), kuwa uchafu. Kichocheo kikichoka, huichoma kaboni kwa hewa ya moto hadi metali ibaki safi. Wana sababu, kwa kuwa masizi huziba vinyweleo na kufunika uso unaofanya kazi. Lakini mazoea hayo yamefanya hoja ya kuchanganya metali za thamani na elementi nyepesi, hasa kaboni na boroni, isikilizwe nusunusu. Kaboni iliyolala juu ya metali ni kitu kimoja, iliyozama ndani yake ni kitu kingine kabisa.

Tazama kazi ya kuondoa asetilini kwenye ethilini kabla ya kutengeneza plastiki. Mkondo wa gesi huja na asetilini ya asilimia 1 hivi, nayo lazima ishuke hadi sehemu chache kwa milioni, la sivyo hukiua kichocheo cha polithini. Paladiamu huiongezea asetilini hidrojeni ikawa ethilini. Tatizo ni kwamba haiishii hapo: huendelea hadi ethani, gesi isiyotakiwa. Hasara yake haipimwi ipasavyo. Mkondo wenye ethilini asilimia 80 na asetilini asilimia 1, ukipoteza asilimia 1.25 tu ya ethilini yake, umefuta faida yote ambayo asetilini ingeweza kuleta. Kwa mtambo wa tani milioni 1 kwa mwaka, hizo ni tani 12,500 za bidhaa safi zinazorudishwa tanurini. Ndiyo maana uteuzi wa kichocheo, yaani uwezo wake wa kusimama panapotakiwa, una uzito kuliko kasi yake.

Paladiamu hupitiliza kwa sababu ya kilichomo ndani yake. Tangu 1866 Thomas Graham alionyesha kwamba metali hii hufyonza hidrojeni mamia ya mara ya ujazo wake. Katika joto la kawaida, mgandamizo wa kilopaskali 2 hivi unatosha kuunda hidraidi (muungano wa paladiamu na hidrojeni) yenye atomu 6 hadi 7 za hidrojeni kwa kila atomu 10 za paladiamu. Hidrojeni hiyo inapopanda kutoka ndani hukuta molekuli zimeshika uso, na huzishambulia bila kuchagua. Mwaka 2008 Detre Teschner na wenzake walieleza katika jarida la Science kwamba paladiamu huchagua vizuri pale kaboni inapokuwa imejaa chini ya uso wake, na hupoteza uteuzi hidraidi inapotawala. Kaboni, iliyotokana na asetilini yenyewe, imekalia nafasi ambazo hidrojeni ingekaa.

Njia ya zamani hufanya kinyume: huziba uso. Herbert Lindlar, mwaka 1952, alitumia paladiamu asilimia 5 juu ya kalisi kaboneti, akaitia risasi, na kwinolini, kemikali inayopunguza ukali wa kichocheo, huongezwa wakati wa kazi. Inafanya kazi hadi leo, ila sehemu ya metali ghali inabaki bila ajira, na mabaki yake yana risasi. Fedha inayotumika kwenye mitambo ya ethilini haina sumu hiyo, na hupunguza hidraidi pia. Huyo ndiye mshindani wa kweli.

Wapinzani wana hoja nzito. Kabaidi ya paladiamu, yaani paladiamu iliyozamiwa na kaboni, yenye kaboni asilimia 13 hadi 15 ya atomu, huvunjika ndani ya hidrojeni ikifika nyuzi 150 hivi, na hewani kwenye nyuzi 200 hivi. Fikiria mwisho wa tabaka la kichocheo: asetilini imebaki kidogo, kaboni haipati wa kuijaza upya, na hidrojeni ipo. Hapo hapo penye haja kubwa ya uteuzi ndipo ulinzi unapoweza kudhoofika.

Boroni inajibu hilo vizuri. Kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford lilionyesha mwaka 2014 kuwa boroni inaweza kuingizwa kwenye paladiamu kwa kutumia borani (kemikali ya boroni na hidrojeni) iliyoyeyushwa katika kiyeyushi kiitwacho tetrahidrofurani, ikakaa katika nafasi zilezile za pande nane, kati ya atomu sita za paladiamu, na haitegemei asetilini kubaki humo. Hata hivyo, ukichoma masizi kwa hewa, boroni inaweza kutoka na kuwa oksidi. Kaboni ingalau hurudi yenyewe mtambo ukiwashwa. Boroni hairudi bila borani.

Kuthibitisha nako kuna mitego. Kwa eksirei zinazotokana na shaba, ambazo fuwele huzitawanya kwa pembe maalumu, kilele kikuu cha paladiamu hukaa kwenye pembe ya nyuzi 40.1, kabaidi hukishusha hadi 39.1 hivi, na hidraidi hadi 38.7. Sampuli iliyopimwa bila kuondolewa hidrojeni itadanganya. Kupima kwa nyutroni huziona atomu nyepesi vizuri, lakini boroni-10 hunyonya nyutroni mno, hivyo lazima ununue boroni-11. Kipimo rahisi zaidi ni kushibisha sampuli kwa hidrojeni, kisha kuipasha taratibu: paladiamu ya kawaida hutoa hidrojeni ya hidraidi kwenye nyuzi 60 hadi 80, na kilele hicho kikitoweka, nafasi zimejaa. Linganisha na chembe za ukubwa uleule, kwa kuwa zilizo ndogo kuliko nanomita 3 hufanya hidraidi kidogo hata zikiwa tupu. Pia osha sampuli nyingine kwa kiyeyushi pekee bila borani, maana kiyeyushi kinachovunjika huacha kaboni ndani ya metali, na boroni inaweza kusifiwa kwa kazi ya kaboni.

Kwa maoni yangu, hoja hii haina haraka ya kwenda kwenye ethilini, ambako fedha imeshapata imani ya miaka. Mahali pake pa kwanza ni vyungu vya dawa, manukato na vitamini, kazi ya kimiminika kwa awamu, joto dogo, bila kuchoma masizi. Huko anayeondolewa ni risasi ya Lindlar. Sharti ni moja: baada ya kila awamu, chuja, na upime boroni na paladiamu katika kichujwa, yaani kimiminika kilichopita kwenye chujio. Boroni ikianza kuonekana humo, nafasi zinafunguka, na hidraidi inarudi.