Fundi Sefu na uzi wa Tanga

Kabla hamjaendelea kunitumia ile sauti ya dakika tatu, iliyorekodiwa siku niliyoaibika mbele ya kikoba cha shangazi, nimeshaisikia. Nimeisikia mara nne. Huyo anayecheka mpaka anakohoa ni rafiki yangu, niliyempeleka mwenyewe kwenye shughuli ili ale pilau la bure, na shukrani yake ndiyo hiyo. Nasahihisha mawili tu. Sikukimbia, nilitembea haraka. Wala sikulia: nilikuwa nimeshika kachumbari ya pilipili mbuzi, nikajifuta jicho kwa mkono uleule. Mengine yote, kwa bahati mbaya, ni kweli.

Kwa wageni: mimi ndiye mwandishi wa hadithi ya Fundi Sefu. Sehemu 64, kumi za kwanza bure, zilizobaki unatuma buku unaunganishwa kwenye grupu. (Nyinyi mliokuwa mnazisambaza kwenye magrupu ya ukoo, namba zenu ninazo, na Mungu anawaona.) Sefu ni fundi cherehani wa Temeke. Mpole, hapandishi sauti, akitoka kazini anapitia sokoni bila kuagizwa, mkewe akiumwa anafua mpaka nepi. Niliimaliza mwaka jana, nikala hela yake, nikasahau.

Wao hawakusahau. Kikoba cha shangazi yangu huko Mbagala kilikuwa kinaisoma kwa sauti kila Jumamosi wakishanunua hisa. Mmoja wao amezaa, mtoto kamwita Sefu. Wengine wakawageuzia waume zao kibao: umechelewa kurudi, "Sefu angechelewa?" Umeacha sahani mezani, "Sefu angeiacha?" Kuna baba mmoja pale, dereva wa bajaji, mwaka mzima anaishi nyumba moja na mwanaume ambaye hayupo duniani, na kila siku anashindwa naye.

Basi Jumapili iliyopita wakavunja kikoba wagawane akiba zao, nikaalikwa mgeni wa heshima. Na kilichoniponza ni kwamba usiku wa kuamkia siku ile nilikesha nasoma mambo ya wakubwa. J.K. Rowling, Oktoba 2007, vitabu vyake vyote saba vya Harry Potter, yule kijana mchawi, vimeshatoka, kasimama Carnegie Hall kule New York, kaulizwa habari za Dumbledore, mkuu wa shule ya wachawi, akajibu kwamba mzee yule aliwahi kumpenda mwanaume mwenzake. Ukumbi ukapiga makofi. 2014 akasema Hermione kuolewa na Ron, wote marafiki wa Harry, yalikuwa matamanio yake yeye kuliko mahitaji ya hadithi. 2019 ukurasa rasmi wa vitabu hivyo ukawakumbusha watu kwamba wachawi wa zamani, kabla ya vyoo vya bomba, walikuwa wanajisaidia palepale waliposimama halafu wanaufuta ushahidi kwa uchawi. Hakuna aliyekuwa ameuliza!

Nikalala kifua mbele. Kumbe mwandishi hata akimaliza bado anayo maneno mfukoni.

Sasa picha: turubai, viti vya plastiki, akina mama kama thelathini ndani ya sare ya kitenge cha zambarau, na emsii ambaye spika zake kazijaza mwangwi kwa ajili ya taarabu. Shangazi, ambaye ndiye mwenyekiti, akanikabidhi maiki. "Haya baba, sema na mama zako." Maiki mkono wa kulia, sahani ya pilau mkono wa kushoto, paja zima la kuku juu yake. Nikaanza kuongea. Wakacheka. Nikaongea tena, wakacheka zaidi. Mnaonijua mnajua nikichekewa mara mbili akili inatoka nje kwenda kupunga upepo.

Ndipo mweka hazina, bibi mmoja wa miwani na daftari la mistari, akanyoosha mkono. "Mwanangu, nina kaswali kadogo. Sehemu ya 31, Sefu alikwenda Tanga siku nne kununua uzi. Mtu anakaa Temeke, uzi anaufuata Tanga? Kariakoo imehama?"

Nawaambia nyinyi kitu ambacho sijamwambia mtu. Sehemu ya 31 niliiandika nina homa. Sikuwa na la kumfanyisha Sefu siku ile, nikampandisha basi. Basi. Kariakoo haikunijia kabisa. Mtu mwenye akili zake angesema, "Hapo nilipitiwa mama," wakacheka, akarudi kwenye kuku wake.

Mimi nikatabasamu. Yule wa kwenye sauti anasema nilitabasamu kama mganga aliyeona jambo kwenye ramli, na sina la kumbishia. Nikaisogeza maiki mdomoni. Nikashusha sauti.

"Kuna jambo sikuliandika. Fundi Sefu ana mke mwingine Tanga."

Spika zikapokea: *Tanga... anga... nga...*

Kimya kile sijawahi kukisikia hata msibani. Nyuma ya turubai mkaa ukapasuka jikoni, nikausikia. Mama mmoja mbele yangu alikuwa anapeleka kijiko mdomoni. Kijiko kikaishia njiani, punje moja ya wali ikadondoka kwenye kitenge, hakuitazama. Mama Sefu akamgeuza mwanawe, akamshika kidevu, akamwelekeza kwenye mwanga akimkagua kama mtu anayekagua noti ya elfu kumi. Mtoto akamchekea kwa fizi. Mama akazidi kuingiwa na wasiwasi.

Emsii, Mungu amsamehe, akadhani ule ni utani. Akabonyeza vile vigelegele vya kwenye kompyuta. Vikalia sekunde tano nzima, na hakuna mdomo hata mmoja uliofunguka.

Halafu kule nyuma kwenye masufuria:

"NILISEMA!"

Dereva wa bajaji. Kapanda juu ya kreti la soda, mikono hewani. "Nilisema mimi! Uzi gani unalala siku nne! Nilisema!" Machozi yanamtoka jamani, machozi ya mtu aliyeachiwa huru na mahakama. Mkewe akageuza shingo, akamtazama mara moja tu. Akashuka kwenye kreti.

Wakati huo mweka hazina ameshafungua daftari. "Sehemu ya 40 alimwambia mkewe hana ada ya mtoto," akasema taratibu, huku anapiga mstari. "Kumbe ada ilikwenda Tanga." Mwingine akadakia simu ya sehemu ya 22, ile aliyoipokelea nje. Simu ile alipigiwa na mwenye nyumba! Niliiandika mwenyewe! Lakini nani ananisikiliza. Nikaona nipunguze makali: "Mama zangu, si mke hasa, tuseme mchumba..."

Msijaribu hiyo. Nawasihi.

Shangazi akasimama, akaja mpaka nilipo. Kwanza akachukua sahani. Hakunipokonya, aliipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anayepokea mtoto aliyelala, akampa binti aipeleke jikoni. Halafu maiki. "Hilo la Tanga halipo," akasema. "Sehemu zote 64 nimezilipia, nimezisoma, halimo. Wewe ulishauza ng'ombe. Unarudi usiku kumkamua?"

Wakapiga makofi. Nao pia walipiga makofi, sawasawa na New York, ila kwa shangazi.

Mwandishi Conan Doyle alimuua mpelelezi wake wa hadithini, Sherlock Holmes, 1893, wasomaji wakamjia juu, na akamfufua 1903. Mwenzangu alikuwa na miaka kumi ya kujirudi. Mimi nilipofungua mdomo niseme ukweli wa ile homa, kuku wangu alikuwa ameshaliwa na binti wa jikoni.

Yaliyofuata ni mafupi. Nikatoka (haraka). Watu 41 wameacha grupu. Mama Sefu anaulizia utaratibu wa kubadili jina kwenye cheti cha kuzaliwa. Kikoba kimekaa kikao cha dharura, kikapitisha kwamba Tanga haihesabiki, na imeandikwa kwenye muhtasari. Shangazi haitikii shikamoo yangu.

Upande wa pili, dereva wa bajaji kanipigia. Waume wanataka hadithi ya mke wa Tanga, sehemu ya kwanza hadi ya mwisho, na wanalipa kabla. Mpaka jana saa nne usiku buku zilizoingia zilikuwa 11, majina yote ya kiume.

Saa tano kasoro ikaingia ya 12. Jina la shangazi.