Kusomea huduma kwa watoto na familia ukiwa kazini: nini hupatikana, nini hupotea

Mhasibu akijiendeleza kwa masomo ya jioni, watu humpongeza na habari inaishia hapo. Mambo hubadilika anapokuwa mlezi wa kituo cha watoto wadogo, msaidizi katika makao ya watoto, au mfanyakazi wa ngazi ya chini wa ustawi wa jamii. Akisema anataka kuchukua stashahada au shahada ya huduma kwa watoto na familia huku akiendelea na zamu zake, hupokea shauri mbili zinazopingana. Moja humwambia hakuna njia bora kuliko hiyo, maana atakachosoma jioni atakikuta kazini kesho yake. Nyingine humkumbusha kwamba mshika mawili moja humponyoka, na katika kazi hii kinachoweza kuponyoka ni mtoto.

Mimi naegemea shauri la kwanza, ila kwa sharti moja ambalo vyuo na waajiri wengi hulipita juu juu. Sharti hilo lisipotimizwa, nakubaliana na wapinzani.

Tuanze na hoja ya kuunga mkono katika sura yake yenye nguvu zaidi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Anna Freud, mtaalamu wa saikolojia ya watoto, aliendesha vituo vya kulea watoto mtaa wa Hampstead, London, kwa ajili ya watoto ambao vita vilikuwa vimevuruga familia zao. Mmoja wa waajiriwa wake alikuwa James Robertson, aliyechukuliwa kutunza tanuri la kupasha jengo joto na kufanya matengenezo madogo madogo. Kituo kilikuwa na utaratibu kwamba kila mfanyakazi, awe mlezi au fundi, aandike kwenye kadi kile alichokiona kwa watoto, kisha kadi hizo zijadiliwe kwa pamoja. Mtunza tanuri naye aliandika. Baadaye alisomea ustawi wa jamii upande wa afya ya akili, na mwaka 1948 akajiunga na John Bowlby, daktari wa magonjwa ya akili aliyechunguza mafungamano ya mtoto na mlezi, katika kliniki ya Tavistock, London, kuwachunguza watoto wadogo wanaolazwa hospitalini.

Siku hizo hospitali nyingi za Uingereza ziliwawekea wazazi saa chache mno za kuwaona watoto wao, nyingine mara moja kwa wiki. Mtoto alilia siku za mwanzo, kisha akanyamaza, na wauguzi wakasema ametulia, amezoea. Robertson aliona jambo jingine kabisa. Kilio kilikuwa kupinga, ukimya ulikuwa kukata tamaa, na ile hali ya baadaye, mtoto anapocheza na kila mtu lakini mama akija hamjali, ilikuwa kujitenga. Filamu aliyoitoa mwaka 1952 kuhusu mtoto aliyelazwa hospitalini ilipingwa vikali na madaktari wengi. Hata hivyo, mwaka 1959 kamati ya serikali iliyoongozwa na Harry Platt ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwatembelea watoto wao wodini bila kubanwa.

Wanaotetea kusoma ukiwa kazini wangependa kuishia hapo: tazameni, jicho lililozoezwa kazini liliona ambacho wasomi hawakukiona. Lakini kisa hiki kina upande wa pili. Wauguzi wale nao walikuwa kazini. Wengi wao walikuwa wamewaona watoto waliolazwa kwa miaka mingi kuliko Robertson, na walikuwa watu wema. Uzoefu walikuwa nao tele. Walichokosa ni mahali pa kuuliza kama maelezo waliyorithi juu ya mtoto aliyenyamaza yalikuwa ya kweli. Robertson alianzia mahali ambapo mtu mwenye ujuzi alisoma alichoandika na kumuuliza kwa nini anadhani hivyo.

Hilo ndilo sharti langu. Kazi peke yake haifundishi. Hukomaza mazoea, na mazoea yanaweza kuwa mabaya vilevile. Mwaka 2000 mtoto Victoria Climbié aliuawa jijini London kwa mateso ya waliokuwa wakimlea. Uchunguzi wa Lord Laming, uliotolewa mwaka 2003, ulionyesha nafasi 12 ambazo huduma zilizomfahamu zingeweza kumwokoa. Maofisa, madaktari na polisi walikuwa kazini. Moja ya mambo yaliyolaumiwa humo ni usimamizi dhaifu: hakuna aliyekaa na mfanyakazi wa mstari wa mbele kupitia faili lake kwa makini.

Kwa usimamizi simaanishi bosi kukagua idadi ya familia zilizotembelewa. Namaanisha kikao cha mara kwa mara, cha watu wawili, ambamo mwenye ujuzi anauliza: ulipoingia ile nyumba uliona nini, ulihisi nini, kwa nini uliamini maelezo ya baba na si ukimya wa mtoto? Mwanafunzi wa kutwa, yaani anayesoma tu bila ajira, hupangiwa vikao hivyo anapokwenda kwenye mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi aliye kazini ndiye anayevikosa kwa urahisi zaidi, kwa sababu kila upande hudhani upande wa pili umevitoa. Chuo husema, huyu tayari yuko kazini, atajifunzia huko. Kazini husema, huyu anasoma, atafundishwa huko.

Kibaya zaidi ni mafunzo kwa vitendo yanayofanyika kwenye dawati lile lile la kila siku. Naelewa kwa nini watu huyapenda: mshahara haukatizwi na likizo, familia zinazohudumiwa hazibadilishiwi mtu, na hakuna kuomba ruhusa ndefu. Kwa mzazi anayelipa kodi ya nyumba, hilo si jambo dogo. Lakini mwanafunzi huyo hatoki kamwe nje ya namna moja ya kufanya kazi. Halafu anayempa alama ndiye huyo huyo anayesaini mkataba wake. Ni mwanafunzi gani atathubutu kuandika kwenye ripoti yake kwamba kituo chake huwaondoa watoto kwa wazazi haraka mno, au huwaacha kwa muda mrefu mno? Nadhani walau sehemu kubwa ya saa hizo ifanyike kwingine, hata kama ni idara nyingine ya taasisi ile ile, chini ya msimamizi asiye bosi wake.

Lipo pia suala la siri, ambalo wanaosifu faida ya kuwa na mifano hai huligusa kidogo sana. Mwanafunzi wa kutwa huandika kuhusu familia aliyoisoma kitabuni. Aliye kazini huandika kuhusu familia atakayoitembelea kesho. Kubadilisha jina hakutoshi pale darasani wanapokaa watu wanaofanya kazi eneo moja; umri wa mtoto, maradhi ya mama na mtaa vinatosha kumtambulisha. Familia ile iliomba msaada, haikuomba kuwa somo. Ikiwa kisa kinahitajika kweli, ridhaa iombwe kwa maneno yanayoeleweka, na mama akikataa, huduma yake isipungue hata kidogo.

Kuhusu muda, wapinzani husema masomo yanayopaswa kuchukua miaka mitatu yakivutwa hadi mitano au sita huchosha na kupitwa na wakati. Hapa nawapinga. Tangu majaribio ya mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus juu ya kumbukumbu, aliyoyachapisha mwaka 1885, inajulikana kwamba kujifunza kunakotawanywa hudumu kuliko kunakorundikwa. Na elimu ya watoto, kuliko nyingi, hufaidika na mwendo wa polepole. Aliyesoma kuhusu mafungamano ya mtoto na mlezi kwa ajili ya mtihani wa wiki ijayo ana maneno. Aliyesoma sura hiyo kisha akamwona mtoto yule yule akiletwa kituoni kila asubuhi kwa miezi mingi, akiona anavyoagana na anavyopokewa, ana maneno pamoja na kitu cha kuyapima. Ni kweli pia kwamba wanaokatisha masomo ni wengi zaidi miongoni mwa wasomao huku wakifanya kazi. Ndiyo maana ningependa vyuo vitoe cheti kinachotambulika katika kila hatua, ili anayeishia njiani asiondoke mikono mitupu.

Uchovu wa mwili unajulikana, sina haja ya kuueleza. Wa aina nyingine ni wa kazi hii hasa: mchana umesikiliza habari za mtoto aliyeumizwa, na jioni sura ya kusomwa ni ya watoto walioumizwa. Mwanasaikolojia Charles Figley aliandika katika miaka ya 1990 kuhusu uchovu unaowapata wanaosaidia walioumizwa, hata kama wao wenyewe hawakuumizwa. Mwanafunzi wa aina hii anaubeba mara mbili kwa siku. Dalili yake ni kuanza kusoma faili bila kuhisi lolote. Mara nyingi msimamizi mzuri huigundua kabla ya mwenyewe.

Kisha kuna watoto wa mwanafunzi mwenyewe. Wafanyao kazi hii wengi ni wanawake, na wengi wana watoto nyumbani. Wapo wanaowasuta kwamba wanajifunza kulea watoto wa wenzao huku wakiwaacha wa kwao. Suto hilo halina haki, na mara chache huelekezwa kwa baba anayesoma. Daktari wa watoto Donald Winnicott alifundisha kwamba mtoto hahitaji mama mkamilifu, anahitaji anayetosha. Mtoto anaweza kustahimili jioni mbili za mama kuwa darasani ikiwa ni zile zile kila wiki na anajua nani atakuwa naye. Kinachomvuruga zaidi ni kutojua. Hata hivyo, kwa mzazi aliye peke yake, mwenye mtoto mchanga na zamu za usiku, ushauri wangu ni kuchukua somo moja moja, au kusubiri, na asione aibu.

Yote haya hurudi kwa mwajiri. Mwaka 1974 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 140 kuhusu likizo ya masomo yenye malipo, lakini nchi zilizouridhia hadi leo ni chache. Kwa hiyo kwingi saa za kusomea hutoka kwenye usingizi wa mfanyakazi, ilhali kituo ndicho kitakachotangaza kwamba kina wafanyakazi wenye sifa. Kabla ya kulipa ada, mwanafunzi apate barua inayotaja saa za masomo kwa wiki, jina la msimamizi na siku ya kikao chao. Mwajiri anayekataa kuandika barua hiyo amekwisha kumjibu.

Barua hiyo haimsaidii anayefanya kazi isiyohusiana na watoto kabisa, na hao hujiandikisha kwa wingi kwa sababu wanataka kubadili maisha yao. Wao darasa la jioni huwatosha hadi wafike kwenye mafunzo kwa vitendo, ambayo kwa kozi nyingi za kitaaluma ni mamia ya saa, nyingi zikiwa mchana, siku za kazi. Hapo ndipo wengi hukwama, baada ya miaka ya ada. Chuo kinachojua hilo na kikakaa kimya wakati wa kuwaandikisha kinawakosea, na sioni udhuru wowote wa ukimya huo.