Nairobi Inauza, Vienna Inapangisha

Ubishi wetu Wakenya kuhusu tozo ya kujenga nyumba za bei nafuu umekwama kwenye asilimia: mfanyakazi anakatwa 1.5 ya mshahara na mwajiri anaongeza kiasi kicho hicho. Hapa Vienna ninakoishi nakatwa pia kwa ajili ya nyumba (hadi mwisho wa 2025 ilikuwa nusu asilimia kwangu na nusu kwa mwajiri), na sijasikia mwenzangu kazini akiilalamikia. Si kwamba Waaustria wanapenda makato kuliko sisi, wala udogo wa kiwango pekee hautoshi kueleza utulivu huo. Nadhani kubwa zaidi ni kuwa mji huu hujenga ili upangishe, si ili uuze.

Mwaka 1923 Vienna ilianzisha kodi ya ujenzi wa nyumba, iliyowabana wenye majumba ya kifahari na kumgusa kidogo tu mpangaji wa kawaida, na hadi uongozi wa mji wa wakati huo ulipoangushwa kwa nguvu mwaka 1934, zaidi ya nyumba 60,000 zilikuwa zimejengwa. Karl-Marx-Hof, jengo la zaidi ya kilomita moja lililofunguliwa mwaka 1930, lilikuwa na nyumba 1,382 pamoja na vyumba vya kufulia, shule za chekechea, maktaba na maduka. Kwenye kuta za majengo mengi ya enzi hiyo bado zipo herufi kubwa nyekundu zinazosema kwamba yalijengwa na manispaa kwa fedha za kodi ya ujenzi wa nyumba, hivi kwamba mlipa kodi anasoma ukutani pesa zilikokwenda. Leo manispaa inamiliki nyumba zipatazo 220,000. Mgeni, hata hivyo, hazipati upesi: kati ya masharti mengine, lazima awe ameishi mjini miaka miwili mfululizo, na kabla ya hapo yuko mikononi mwa wenye nyumba binafsi, ambao hawana huruma hata huku.

Kwetu, Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 imemwekea nafasi hata anayepata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi, jambo ninaloliunga mkono. Lakini mpango wenyewe umejengwa juu ya umiliki: unalipa kidogo kidogo mpaka nyumba iwe yako. Nairobi imewahi kuipitia njia hii. Mtaani Dandora, katika miaka ya sabini, viwanja vipatavyo 6,000 viligawiwa watu wa kipato cha chini wajijengee. Leo vingi vimesimamishwa maghorofa ya vyumba vya kupanga, na mpangaji maskini amerudi kuwa mpangaji maskini, safari hii wa mtu binafsi. Ni kweli sheria mpya inamtaka mnunuzi apate idhini ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu kabla ya kuuza, ila tunajua idhini hupatikanaje nchini kwetu.

Utaniambia mitaa ya Kaloleni na Shauri Moyo, Nairobi, ni nyumba za umma za kupangisha, na mapaa yake yanavuja. Hoja hiyo ina uzito, nami siipuuzi. Zilipangishwa kwa kodi ndogo, kisha ukarabati ukasahauliwa.

Hapo ndipo uchumi wa mtaa unapoingia. Kutengewa mafundi wa jua kali kazi ya milango na madirisha ni sehemu ya mpango huu ninayoipenda bila masharti, ila oda ya milango huisha siku jengo linapokabidhiwa. Nyumba inayobaki mali ya umma huhitaji bawaba, mabomba na rangi mwaka hadi mwaka, na kodi ya wapangaji ndiyo inayolipa kazi hiyo. Kwa hiyo ningependa angalau nyumba za kundi la chini ya 20,000 zisiuzwe kabisa, na kodi yake iwekwe kwenye akaunti ya ukarabati peke yake, isiyoguswa kwa mishahara wala magari, yenye hesabu zinazobandikwa kila mwaka kwenye lango la mtaa husika.