Maandamano hayana bei moja

Hapa Köln, Ujerumani, mtu akishajua natoka pwani ya Kenya, haichukui muda ataniuliza: nyinyi ndio mtakaoumia zaidi na mabadiliko ya tabianchi, mbona hamwingii barabarani kama sisi? Anauliza kwa adabu kabisa, ila unaona jibu analolisubiri ni kwamba watu wetu hawajaelimishwa. Hilo silikubali hata kidogo.

Mvuvi wa Lamu hahitaji semina ili ajue bahari imebadilika. Ulipokuja mpango wa kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe kule Kwasasi, mazungumzo ya barazani yalikuwa na uzito kuliko mengi niliyoyasikia huku: maji ya moto yakirudishwa baharini samaki watakwenda wapi, majivu yatamwagwa wapi, vumbi litaangukia paa la nani. Watu wakakutana, wakabishana, wakenda mbele ya baraza la mazingira linalosikiliza kesi za aina hiyo. Juni 2019 leseni ya mradi ikafutwa, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru wavuvi walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyoletewa na bandari mpya. Kama hizo si harakati, sijui harakati ni nini. Na hazikuwa za bure. Baadhi ya waliojitokeza walikamatwa, wengine wakasingiziwa kuwa na uhusiano na al-Shabaab. Ukipakwa tope hilo Lamu, hata jirani anaogopa kukuamkia.

Hapo ndipo ninapoiona tofauti. Mwanafunzi wa Kijerumani aliyekosa shule Ijumaa moja mwaka 2019 ili aandamane kwa ajili ya tabianchi aliandikwa mtoro, basi, na huenda mamake ndiye aliyemfungia mkate. Sisemi huku ni mteremko. Wale wa Letzte Generation, kundi la wanaharakati wa tabianchi, waliokuwa wakijigandisha barabarani kwa gundi walitozwa faini, wakapekuliwa majumbani, na katika jimbo la Bavaria wengine waliwekwa ndani kwa kuzuiwa tu wasirudi barabarani. Madereva wenye hasira waliwaburura kama magunia. Lakini hakuna aliyeaga nyumbani akijiuliza kama atarudi hai. Nairobi, tarehe 25 Juni 2024, vijana waliopinga Mswada wa Fedha walipigwa risasi za moto karibu na Bunge. Mzazi aliyeyaona hayo kwenye runinga, utamwambia nini amruhusu mwanawe aandamane kwa ajili ya nyuzi joto za mwaka 2050? Na kabla hujafika kwenye risasi kuna unga. Kijana wa bodaboda akikosa kazi leo, jioni jiko haliwaki, na mwenye pikipiki bado anataka hesabu yake.

Halafu tumdai nani? Mjerumani mmoja kwa wastani anatoa tani saba hivi za kaboni dioksidi kwa mwaka. Mkenya hafiki nusu tani. Mgodi wa makaa ya mawe wa Garzweiler uko karibu na hapa, mwenyewe anajulikana, kampuni ya umeme ya RWE, na ofisi zake zinajulikana. Anayepiga kelele huku amebisha mlango wenyewe. Kwetu, kelele za kupunguza moshi zingemwendea nani? Ndiyo maana watu wanapigania ardhi, maji na fidia.

Januari 2023 nilikwenda Lützerath, kijiji kilichokuwa kikibomolewa ili mgodi huo upanuliwe. Mvua, upepo, na tope la kuvua mtu buti. Wenzangu wa kazini walisonga mpaka kwenye mstari wa polisi. Mimi nilibaki nyuma na wazee, maana kibali changu cha ukaazi kilikuwa kinakaribia kwisha, na kesi ya polisi haikosi kuonekana kwenye faili. Mamangu naye alikuwa ameshaniambia kwenye simu: "Mwanangu, nisije nikaletewa picha yako na askari." Polisi walipoanza kuvaa helmeti nikarudi mji wa Erkelenz kupanda treni. Jumatatu mmoja wa wenzangu wale akaniuliza mbona niliondoka mapema vile. Nikamwambia wewe ulikuwa unacheza na faini, mimi nilikuwa nacheza na tiketi ya ndege ya kwenda tu.